Yavuyavu Aliyerudi Utotoni

Mhudumu wa mochari alifungua mlango na harufu ikatoka kabla yake. Baba alijifunika pua kwa kofia. Mimi sikujifunika. Nilisimama kwenye ule ushoroba wa hospitali, Kitale, nikiwa nimeshika leso mpya ya kumfunika Mama, na badala ya kumfikiria yeye nikajikuta nawaza meza ndefu za mbao, stuli zisizo na mgongo, na chupa ya jemu iliyokaa dirishani. Ilikuwa ile harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia miili. Nilikuwa nimechoka, uchovu wa miaka si wa siku, na mtu akichoka hivyo akili hujiendea inakotaka. Yangu ilishuka Bungoma, kwa Senge.

Senge ndivyo tunavyomwita dada ya baba. Huyu wangu alifundisha bayolojia katika shule ya wasichana upande wa Kibabii, akakaa nyumba ya walimu yenye vyumba viwili na mti wa mpera mlangoni. Hakuwa ameolewa. Nilipelekwa kwake nikiwa darasa la tatu, na sanduku langu la bati, kwa sababu nyumbani Kitale hapakuwa na mtu wa kunitazama tena.

Kabla ya hapo Mama alikuwa mtu wa maneno. Wazazi wake walitoka upande wa kati wa nchi wakanunua shamba Trans-Nzoia, yeye akazaliwa hapo, akaolewa na Mbukusu. Kwa hiyo alikuwa na lugha tatu na zote alizitumia kwa siku moja. Kikuyu alizungumza na Cũcũ, mama yake, aliyekaa ng'ambo ya ua wetu. Kibukusu alikitoa jamaa za Baba wakija. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, kwa sababu hakikuwa cha yeyote kati yao, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshinda mwenziwe. Alipenda sana kumcheka Baba kwa zile herufi zake, l iliyomgeukia r mara nyingine akichoka. Baba akisema, "Mtoto arare sasa," Mama humjibu, "Ararue nini, shuka?" Nao hucheka, na mimi hucheka bila kujua tunacheka nini.

Aliuza nguo za mitumba sokoni Kitale. Sauti yake ya kuita wateja niliisikia kabla sijaiona meza yake. Halafu asubuhi moja aliinama kwenye mfereji kusuuza beseni na hakuinuka. Nakumbuka maji yakiendelea kutiririka na beseni likielea huku na huku kama limefurahi. Watu walisema ni presha. Alirudi kutoka hospitalini upande wa kulia wa mwili ukiwa umelala, mdomo umeshuka kona moja, na haongei. Si kwamba aliongea vibaya. Hakuongea. Lugha zote tatu zilikuwa zimezimwa.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi. Alianza kuamka kumwogesha Mama, kumlisha, kwenda shamba, kurudi kumgeuza ubavu, kurudi shamba. Cũcũ alisaidia, lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha. Sikuwahi kusikia Baba akilalamika. Nilisikia tu jinsi alivyokaa kwenye kiti jioni, kiti kikilia chini yake. Wiki chache baadaye nikawa Bungoma.

Senge hakujua la kufanya na mtoto. Alikuwa na madarasa mengi na alisahihisha vitabu kila jioni, macho mekundu, miguu ndani ya karai la maji ya moto. Shule yangu ya msingi ikifungwa mchana nilikwenda kumngojea katika maabara, nikakaa nyuma huku wasichana wakubwa wakichora mioyo ya ng'ombe. Harufu ya fomalini iliniuma macho siku za kwanza. Baadaye nikaizoea, halafu nikaipenda, maana ilikuwa harufu ya mahali palipo na mtu wangu.

Dirishani palikuwa na chupa. Chura mmoja, nyoka mmoja aliyejikunja, na ile chupa ya jemu. Ndani yake niliona kwanza maji matupu. Nilipoiinua kwenye mwanga nikaona vitu vidogo, vyeupe kama ute, kila kimoja kikubwa kama punje ya hindi, na chini yake nyuzi laini zinazoning'inia.

"Senge, hii ni mbegu ya nini?"

"Hiyo si mbegu. Ni wanyama. Weka chini polepole, usinivunjie."

"Wanyama? Kichwa iko wapi?"

Akaacha kufuta ubao akaja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kwamba aliniambia jambo ambalo si kula au kulala. Alisema watu wa Pwani wanawaita yavuyavu, wengine konyeza. Hawa alikuwa amewakusanya mwenyewe, enzi za chuo, walipopelekwa kule kusoma viumbe vya ufukweni. Alikuwa ameingia majini hadi magotini kati ya mizizi ya mikoko, na wale wadogo walikuwa wengi kiasi kwamba alihisi miguu inawasha kabla hajawaona.

"Hana kichwa," alisema. "Hana ubongo, hana moyo, hana damu, hana mfupa hata mmoja. Karibu mwili wote ni maji tu."

"Sasa anaishi na nini?"

"Si ndiyo hapo!" Na akacheka, Senge wangu asiyecheka. Akanionyesha kwa ncha ya penseli. Huu mwavuli wa juu hujibana na kujiachia, na kila akijibana maji yanatoka chini, yeye anasukumwa mbele. Hizi nyuzi ni minyiri. Ndani ya minyiri kuna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kifuko kina uzi uliokunjwa pamoja na sumu. Kijisamaki kikigusa tu, ule uzi unafyatuka na kukichoma. Mdomo ni mmoja, hapa katikati. Chakula kinaingia hapo, na uchafu unatoka hapo hapo.

"Hapo hapo kwa mdomo?"

"Hapo hapo."

Nilicheka mpaka wasichana wa usafi wakachungulia mlangoni. Tangu siku ile Senge akawa ananipa yavuyavu kidogo kidogo, kama mtu anayempa mtoto sukari. Alinieleza kwamba hata hakuzaliwa na umbo hilo. Kwanza ni yai, halafu kijidudu kinachoogelea, halafu kinajibandika kwenye jiwe au mzizi na kuota kama mmea, kijiti chenye minyiri juu. Kile kijiti ndicho utoto wake. Hakitembei, kinakaa kinashika kilichopita. Kikishiba kinatoa vifundo, na kila kifundo siku moja kinakatika na kwenda zake majini kikiwa yavuyavu mzima.

Jioni moja alinieleza lile ambalo lilinikaa kichwani mwaka mzima. Alikuwa anasahihisha mtihani. Mimi nilikuwa nachambua mboga za mrenda.

"Kuna aina moja," alisema bila kuinua macho, "ndogo tu kama hao, akiumia au akikosa chakula, hafi. Anakunja minyiri, anazama, anakuwa donge tu hapo chini. Halafu lile donge linaota tena kijiti. Anarudi utotoni. Anaanza maisha upya."

Niliacha kuchambua. "Akiumia sana?"

"Hata akiumia sana. Ila wengi wanaliwa na samaki kabla hawajafika huko."

"Na watu, Senge?"

Biro nyekundu iliendelea kutembea. "Mm," alisema Senge.

Ile "mm" haikuwa jibu. Leo, mimi mwenyewe nikiwa mtu mzima anayejibu watoto wangu "mm" huku naangalia kitu kingine, naijua vizuri. Lakini nilikuwa mtoto, na niliyekuwa nikimuuliza alikuwa mtu anayejua mambo ya ndani ya viumbe vyote. Nilirudi kwenye mrenda wangu nikiwa na siri tamu kifuani.

Likizo ilipofika nikapelekwa Kitale, na kila nilichokiona kilinithibitishia. Mama alikuwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi tumboni. Amekunja minyiri, nikasema moyoni. Alilishwa uji kwa kijiko. Alifungwa nepi ya kitambaa, na Cũcũ aliziosha zile nepi nje akilia. Alilia Mama pia, kilio kisicho na machozi, kama cha mtoto anayetaka kugeuzwa. Wageni wa kanisani waliingia, wakaomba, wakatoka wakitikisa vichwa. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikimtazama kwa furaha. Nilimpima kwa macho kuona kama amepungua, na kweli alikuwa amepungua. Mikono yake ilikuwa imekuwa myembamba kabisa.

"Huyu mtoto hana hata uchungu," Cũcũ alimwambia Baba. "Angalia vile anachekacheka."

Baba alinitazama. "Mwache," alisema. "Mtoto ni mtoto."

Likizo iliyofuata, Mama alikuwa ameanza kuongea.

Baba ndiye aliyeniambia, akiwa amenishika bega getini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa kitu nusu. Alikuwa anaongea, ndiyo, lakini Kikuyu pekee. Kiswahili hakikurudi. Kibukusu hakikurudi. Daktari alikuwa amemweleza kwamba hutokea hivyo, kwamba lugha ya kwanza wakati mwingine ndiyo inayobaki zingine zikizama. Niliingia chumbani mbio. Mama alikuwa ameketishwa kwa mito, na Cũcũ alikuwa anampa maji. "Maaĩ," alisema Mama, na maji yakamteremka kidevuni. Halafu akamwangalia Cũcũ, akasema kwa sauti nyembamba nisiyoijua, "Maitũ."

Nilijua maana ya neno lile. Ni mama yangu. Mama alikuwa anamwita mama yake.

Baba aliinama kitandani. "Mama Nasimiyu, ongea Kiswahili. Jaribu tu kidogo. Sema Nasimiyu amekuja."

Mama alimtazama, midomo ikatafuta, ikakosa. Alianza kulia. Baba akatoka nje.

Hapo ndipo furaha yangu ilipogeuka. Nilikaa nyuma ya jikoni nikapiga hesabu ya kitoto. Ikiwa sasa anajua Kikuyu tu, basi amefika ule umri wa kabla ya shule, kabla ya Baba. Na kama amefika kabla ya Baba, amenipita. Mimi niko mbele huko, sijazaliwa. Ndiyo maana hakuniita jina. Hakuniona hata kidogo, maana mtoto mdogo anamjuaje mtoto ambaye atamzaa baadaye?

Nilirudi Bungoma. Kwenye maabara nilisimama mbele ya ile chupa nikamuuliza Senge, "Yule anayerudi utotoni, anakumbuka watoto wake?"

"Hana ubongo, Nasimiyu. Hakumbuki kitu."

Sijui nilikosa usingizi kiasi gani baada ya hapo. Ninachojua ni kwamba niliamua. Kama Mama hawezi kuwa mama yangu kwa sasa, basi nitakuwa rafiki yake. Nitamngoja akue. Atahitaji mtu wa kucheza naye, na yule mtu atahitaji kujua Kikuyu.

Sokoni Bungoma kulikuwa na mama mmoja Mkikuyu aliyeleta viazi kutoka pande za kwetu Kitale, Mama Shiru, mnene, mwenye sweta ya kijani isiyotoka mwilini hata jua likiwaka. Senge alinituma kwake Jumamosi. Siku hiyo nilipokea viazi nikabaki nimesimama.

"Nini tena? Si nimekuwekea na kimoja cha juu?"

"Nataka unifundishe Kikuyu."

"Haiya!" Akawaita wenzake. "Kujeni muone! Kabukusu kanataka kuongea Kikuyu! Ya nini sasa?"

"Ya kucheza na mtoto."

Alicheka hadi akashika mbavu, lakini alinifundisha. Wĩ mwega. Ndĩ mwega. Njĩtagwo Nasimiyu. Hujambo, sijambo, naitwa Nasimiyu. Alinirekebisha ulimi kwa kunigonga kidevu na kidole chenye udongo. Kila Jumamosi nilipata maneno pamoja na viazi, nikayarudia njiani, nikayarudia nikifagia, nikayarudia mbele ya chupa ya jemu wakati Senge akifundisha. Senge alidhani ninaimba.

Nilipofika Kitale tena ilikuwa msimu wa baridi, ukungu umekaa juu ya mahindi hadi saa nne. Mama alikuwa nje kwenye kiti, amefunikwa blanketi, mkono wa kulia umewekwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Cũcũ alikuwa anamenya maharagwe karibu naye. Nilikuwa nimebeba mdoli wa matambara niliyemshona mwenyewe, maana huwezi kwenda kwa mtoto mikono mitupu. Nikapiga magoti ili tulingane.

"Ũka tũthake," nikasema. Njoo tucheze.

Maharagwe yakamponyoka Cũcũ.

Mama aliniangalia. Alimwangalia mdoli. Halafu upande mmoja wa uso wake, ule uliobaki hai, ukaanza kupanda, ukapanda, mpaka nikaona anacheka. Aliunyosha mkono wa kushoto, akanishika sikio kama alivyozoea kunishika zamani nikikataa kuoga. Aliongea polepole, akilitafuta kila neno.

"Nasimiyu. Mwana wakwa. Niĩ ndĩ mũkũrũ."

Nasimiyu. Mwanangu. Mimi nimezeeka.

Nililia siku hiyo kama sijawahi kulia tangu aanguke. Nililia kwa sababu alinijua. Lakini nililia pia, na hili nimelielewa ukubwani tu, kwa sababu ikiwa alinijua basi hakuwa anarudi kokote. Hakukuwa na kijiti kitakachoota. Huyu ndiye Mama, na mkono ule hautainuka, na ile sauti ya sokoni sitaisikia tena. Mpaka saa ile sikuwa nimeomboleza. Nilikuwa nimengoja.

Niliporudi Bungoma nilimwambia Senge yote, kuanzia ile "mm". Alitoa miguu kwenye karai, akaweka biro mezani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nilikwambia hivyo mimi?"

"Ulisema mm."

Alinivuta akaniketisha kando yake. "Yavuyavu anaweza kurudi kwa sababu hana vitu vingi vya kupoteza," alisema. "Mama yako ana vingi. Sasa hivi anavishika kwa mkono mmoja." Akaichukua tena biro. "Hicho Kikuyu, usiache. Endelea tu."

Nikaendelea. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, naweza kusema, kuliko hii ninayolipwa mshahara. Senge alistaafu akajenga Naitiri, ambako bado anafuga kuku na kugombana na majirani. Cũcũ alifariki nikiwa sekondari, na tangu hapo mdomo wa Mama nyumbani ukawa ni mimi. Mchungaji akija, niliketi katikati. Daktari akiuliza inauma wapi, niliketi katikati. Nilipoolewa nikahamia mbali, simu ililia asubuhi na jioni, Baba akisema, "Ongea na mama yako, sijui anataka nini." Naye Mama huniambia kwamba anataka dirisha lifunguliwe. Nami namwambia Baba afungue dirisha. Kuna siku nilitazama ile simu ikilia nikatamani isinijue. Nilimpenda, na nilichoka, na vyote viwili vilikaa kitanda kimoja bila kusukumana.

Watu waliniuliza mbona Baba hakujifunza. Alijua salamu. Lakini Mama hata kwa Kikuyu maneno yake yaliteleza, yalitoka yamelowa na kukatika, na mtu asiyekuwa na sikio la lugha ile hangeyashika. Na Baba alikuwa amefundishwa na maisha kutumia mikono. Alimwogesha, akamchana nywele, akamkata kucha, kwa miaka. Nadhani aliona kwamba hayo ndiyo mazungumzo yake.

Tulimzika shambani, upande wa juu, mahali panapoonekana mlima kukiwa hakuna mawingu. Watu walikula, wakaimba, wakaondoka. Vijana walifungua hema wakapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine. Baba alikataa kiti chake kichukuliwe, nami nikakaa karibu naye. Ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa na hakuna aliyejali.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," alisema mwishowe. "Kila jioni nikitoka shamba, nikiingia tu kwa mlango, mama yako ananiangalia ananiambia neno moja. Hilo hilo. Miaka yote hiyo. Nikajua tu ananilaumu. Pengine nimechelewa, pengine nimemwacha peke yake mchana kutwa. Sikutaka kukuuliza kwa simu."

"Neno gani, Baba?"

Alilisema kwa ulimi wake wa Kibukusu, akalivunja, na bado nikalitambua, maana alikuwa amelibeba kwa uangalifu mkubwa.

"Nĩũnogete?" nikamuuliza.

"Hilo hilo."

Nilitazama pembeni, kwenye viti, kwenye majani yaliyokanyagwa.

"Hakuwa anakulaumu," nikasema. "Alikuwa anasema, umechoka."

Baba hakusogea. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Kisha akaegemea nyuma, taratibu, mgongo wote, kama mtu aliyeruhusiwa.

"Ni kweri," alisema. "Nirikuwa nimechoka."